Santuri iliyompunguzia Bibi umri: kisa cha Chunya

Mwezi wa nane 2025 dada mmoja ninayeimba naye kwaya hapa Mbeya alinivizia baada ya ibada, mkononi ana kiroba cha sembe kakikumbatia kama kabeba mtoto, akaniambia kaka wewe si ndo unahangaikaga na redio za zamani, hebu nitazamie hizi. Ndani kulikua na santuri tatu nyeusi, zile nzito za spidi 78, yaani zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Akanieleza kwamba bibi yake mzaa baba, yuko kijijini upande wa Chunya, mwezi wa kumi na mbili anatimiza miaka 100, ukoo mzima unakuja toka Dar, Tunduma mpaka Ndola, kamati imeshakaa vikao vitatu, vitenge vimeshachapwa MIAKA 100 YA BIBI, na wanachotaka kwangu ni kitu kimoja tu, siku hiyo santuri ya Bibi ilie.

Kwanini santuri? Kwa sababu pale kwao kuna hadithi inasimuliwa kila msiba na kila harusi, kwamba Bibi alizaliwa mwezi uleule baba yake aliporudi toka machimbo ya dhahabu ya Lupa na gramafoni, mpagazi kaibeba kichwani, na santuri ya kwanza kulia pale nyumbani ndo mojawapo ya hizi. Kitambulisho cha Bibi kimeandikwa 1925. Basi wao hesabu yao imeisha.

Mimi sikuombwa kuchunguza umri wa mtu. Naomba hilo lieleweke mapema maana kuna mjomba mmoja mpaka leo ananisalimia kwa mbali.

Tuanze na hali ya mzigo. Santuri ya kwanza ilikua vipande vinne, hiyo tuliiweka pembeni. Ya pili iliniuma roho. Kumbe kabla ya kuja kwangu walipita kwa fundi simu mmoja, yeye kwa nia njema kabisa akaipangusa kwa spiriti kama anavyopangusa bodi za simu, kitambaa kikatoka cheusi tii, akafurahi akidhani ni uchafu unatoka. Haukua uchafu, ilikua santuri yenyewe. Santuri hizi za kabla ya plastiki zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu mgumu unaotolewa na vidudu vidogo vya India na nchi za jirani zake, unaukusanya kwenye matawi, unauyeyusha, unauchanganya na unga wa mawe na masizi meusi alafu unaukandamiza ukiwa wa moto. Na shelaki inayeyuka kwenye alkoholi, ndo maana hata mafundi samani wanaiyeyusha kwa spiriti wakipiga vanishi. Kwaiyo ukitia spiriti kwenye santuri ya 78 umeshaiua, mifereji inalainika, mng'aro unapotea, unabaki na sahani ya kijivu inayokwaruza tu. Maji ya kawaida yenye tone la sabuni ya vyombo, sponji laini, lebo usiilowanishe, kausha kwa kitambaa, basi.

Ya tatu ndo iliyotupa kazi. Uso wake ulikua mzima, ufa mmoja mwembamba kama unywele upande wa pili, lakini lebo zote mbili zimeliwa na mende. Mende wanapenda ile gundi na karatasi. (Nikawaza aisee, kitu kimetoka kwa wadudu na wadudu wamekuja kukidai.) Upande wa kwanza ulibaki mkia na miguu ya nyuma ya mbwa, na herufi nne za mwisho wa neno, HILI. Mkia ule mtu yeyote aliyewahi kushika santuri anaujua, ni yule mbwa anayesikiliza mdomo wa gramafoni, alama ya His Master's Voice, HMV, ya kampuni ya Gramophone ya Uingereza. Na HILI ni nini kama sio KISWAHILI au SWAHILI. Jina la mwimbaji, jina la wimbo, namba ya katalogi, vyote tumboni mwa mende.

Wengi wakifika hapa wanakata tamaa, na ndo maana naandika, kwa sababu lebo ni koti tu. Santuri ina maandishi mengine ambayo mende hawezi kuyala, yamechongwa kwenye ule mkanda laini ulioko kati ya mwisho wa mifereji na lebo, na wakati mwingine yapo chini ya lebo yenyewe yanachomoza kama kovu. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, ilaze karibu kabisa na uso wa santuri ili mwanga upite kwa mlazo, herufi zinaibuka zenyewe. Nilitumia pia karatasi nyembamba na penseli laini, unalaza karatasi unasugua, kama tulivyokua tunachora sarafu shuleni.

Kinachotafutwa pale ni namba ya matriksi. Hii sio namba ya katalogi. Namba ya katalogi ni ya duka, ya kuuzia. Namba ya matriksi ulipewa upande mmoja wa santuri siku ya kurekodi, maana zamani hizo mashine ilichonga sauti moja kwa moja kwenye bamba la nta, lile bamba likapewa namba kwa mfululizo, na kama msanii alikosea wakarudia basi alama ya mrudio inaongezwa pembeni. Kwaiyo namba ya matriksi ni kama cheti cha kuzaliwa cha sauti. Ukijua namba jirani zake zilirekodiwa lini na wapi unaweza kukadiria na yako. Kuna watu wamekaa miaka na miaka wananakili madaftari ya makampuni haya, Alan Kelly kwa mfano alikusanya orodha kubwa sana ya rekodi za kampuni ya Gramophone, na orodha zake zinapatikana bure, mtu wa Mwanjelwa hapa Mbeya anazisoma sawa na mtu wa London.

Namba yangu nikaipata yote isipokua tarakimu moja iliyopitiwa na mkwaruzo, sijui ni 3 au 8. Nitarudi hapo. Ila baada ya namba kulikua na kitu kingine kidogo ambacho ndo kilianzisha ugomvi wote: pembetatu.

Pembetatu ile sio urembo. Mpaka katikati ya miaka ya 1920 kurekodi ilikua ni kuimba ndani ya tarumbeta kubwa, hakuna maiki hakuna umeme, nguvu ya koo lako ndo inasukuma sindano ya kuchonga. Mwaka 1925 ukaja mfumo wa Western Electric wa Marekani, maiki na amplifaya, na HMV wakaukodi. Rekodi walizofanya kwa mfumo huo wakaziwekea pembetatu baada au karibu na namba ya matriksi. Baadaye kampuni ya Gramophone na Columbia zikaungana 1931 kuzaa kampuni ya EMI, mhandisi wao Alan Blumlein alikua ameshatengeneza mfumo wao wenyewe ili waache kulipa mrabaha wa Wamarekani, alama ikawa mraba. Ukiona pembetatu upo kati ya 1925 na mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ukiona mraba umeshavuka.

Nikakaa nikaitazama. 1925 ndo mwaka mfumo unaanza kutumika huko Ulaya na Marekani, na hawa wanasema mwaka huohuo santuri ya Kiswahili ilikua inalia Chunya? Hapana bana. Hapo ndo kosa langu la kwanza, nikamwandikia yule dada usiku uleule: dada, mbona kama Bibi hana mia.

Hakujibu siku mbili.

Kabla sijaendelea niseme jambo moja ambalo watafiti wa santuri tunagombana nalo kila siku, yaani santuri moja ina tarehe tatu. Kuna siku sauti ilirekodiwa. Kuna siku sahani yenyewe ilikandamizwa kiwandani, ambayo inaweza kua miaka mingi baadaye, kwa sababu kutoka kwenye nta wanatengeneza chuma baba, toka kwa baba chuma mama, na toka kwa mama wanatoa vyuma vya kukandamizia, kila kimoja kinachoka kinatupwa kinatolewa kingine, kadri wimbo unavyouzika. Alafu kuna siku mtu fulani alilipa hela akaondoka nayo. Familia inazungumzia tarehe ya tatu, mimi nasoma tarehe ya kwanza. Faida yake ni kwamba ya tatu haiwezi kuitangulia ya kwanza. Hasara yake ni kwamba inaweza kuchelewa sana. Santuri iliyorekodiwa 1928 unaweza kuinunua 1940 na muuzaji asikwambie kitu.

Ile tarehe ya katikati wakati mwingine inadokezwa pia. Kiwanda cha Hayes, Uingereza, kilikua na mchezo mtamu: herufi ndogo upande wa kulia wa lebo, pale mshale wa saa ungesoma saa tisa juu ya saa ya ukutani kwa hesabu yetu, zinahesabu chuma cha kukandamizia kwa kutumia neno GRAMOPHLTD, yaani G ni 1, R ni 2, A ni 3 mpaka D ambayo ni sifuri. Ukiona RM basi ni chuma cha 24. Ila India walikua na kiwanda chao Calcutta tangu 1908, na kwa vile sehemu ya chini ya lebo yangu ilikua imeliwa sikujua sahani hii imekandamizwa wapi, basi sikutaka kujenga nyumba juu ya herufi hizo. Nikaziacha.

Kilichobaki ni kuisikiliza. Na hapa tena tahadhari, msiipige santuri ya thamani kwenye gramafoni la kuzungusha kwa mkono. Kile kichwa cha sauti kina uzito wa zaidi ya gramu 100 na sindano ya chuma, kila mpigo kinakula kidogo. Na sindano ya LP za kawaida, zile santuri za plastiki zilizokuja baadaye, nayo haifai, ni nyembamba mno, inazama chini ya mfereji inakwaruza vumbi tu. Mfereji wa 78 ni mpana karibu mara tatu. Nilikua na plea ya mkono wa pili yenye spidi 78 na sindano yake sahihi ya sehemu tatu kati ya elfu moja za inchi, nikaunganisha na laptop, nikashusha mkono taratiiibu.

Kwanza mchemko, ule wa maharage jikoni. Alafu udi. Fidla. Ngoma ndogo. Na mwanamke anaingia, sauti imebanwa juu, kavu, inayokatiza kwenye kelele kama panga. Kiswahili cha Unguja kitupu. Nilijua, lakini sikutaka kujiamini, mimi ni mtu wa Nyanda za Juu, taarab naipenda ila sikuzaliwa nayo. Nikakata sekunde arobaini nikamtumia rafiki yangu mpiga udi wa Unguja, sikumwambia chochote zaidi ya "huyu nani". Akapiga simu badala ya kuandika. "Wee, umeipata wapi hiyo? Huyo si Bi Siti huyo. Hebu nirushie yote." Nikamwambia una uhakika? Akacheka sana. Siku iliyofuata akanitumia rekodi nyingine mbili za Siti binti Saad zilizokwisha wekwa kidijitali tukazilinganisha, uvutaji wa pumzi ni uleule, na namna anavyoshuka mwisho wa ubeti ni ileile.

Sasa hapo kisa kikabana. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, yule ambaye Shaaban Robert aliandika maisha yake, hakurekodiwa kabla ya 1928. Mwezi wa tatu mwaka huo yeye na wenzake, akina Subeti Ambari, Mbaruku na Maalim Shaaban, walipelekwa kwa meli hadi Bombay kurekodi kwa HMV, kwa sababu mitambo ilikua huko, na ndo zikawa rekodi za kwanza za kibiashara za taarab ya Kiswahili zinazojulikana. Ziliuzika kuliko kampuni ilivyotegemea, watu walikua wanamsikia mtu anaimba kwa lugha yao kutoka kwenye sanduku, wakarudishwa tena Bombay 1929, na kufikia 1930 makampuni mengine nayo, Odeon na Columbia, yakawa yameshakuja pwani yenyewe kutafuta waimbaji. Ile tarakimu yangu iliyokwaruzwa inahusu hilo, ikiwa 3 namba inaangukia safari ya mwanzo, ikiwa 8 inasogea mbele. Nimeitazama kwa lenzi mpaka macho yanatoka machozi. Haijalishi sana kwa kisa hiki. Kwa vyovyote, hakuna mtu duniani aliyeweza kua na santuri hii 1925. Hata 1927. Mapema kabisa ni 1928, na ukitoa muda wa nta kwenda kiwandani, sahani kukandamizwa, meli mpaka Zanzibar na Dar, sema mwisho wa 1928 ikiwa watu wana haraka sana.

Bibi hana zaidi ya 97, kama hadithi ya ukoo ni ya kweli. Sharti hilo ni muhimu. Maana kuna njia nyingine ya kusoma: Bibi ana 100 kweli na hadithi ya santuri ndo uongo.

Dada akanijibu siku ya tatu: kaka twende tu Chunya ukaongee nao mwenyewe, mimi siwezi.

Tukapanda Jumamosi. Ukishapita Kawetire na baridi yake unateremka huko World's End unaona bonde lote la Usangu chini kama ramani, nikawa nawaza huyo mzee alivyopita njia hizi na gramafoni. Tulivyofika nikasalimia, shikamoo Bibi, marahaba mwanangu karibu, tukapewa ugali wa mahindi na kuku wa kienyeji, hakuna mtu aliyegusia umri mpaka mikono imenawa. Alafu mjomba, mwenyekiti wa kamati, akasema haya fundi, tuambie, tumesikia umetupunguzia mama.

Nikaomba kuona gramafoni kwanza. Wakalileta toka uvunguni. Sanduku la mkononi, ngozi nyeusi imebanduka, kifuniko cha chuma kimepata kutu kidogo, ila HMV halisi, na kichwa chake cha sauti kimeandikwa 5A. Mimi kuona vile nikajiona mjanja sana. Hii ni modeli ya 102. Modeli iliyotangulia, 101, ilitoka 1925 na kichwa chake kilikua namba 4 chenye utando wa maika. 102 yenye kichwa cha alumini ilitoka 1931. Nikatangaza pale pale mbele ya wazee: kama sanduku na santuri vilikuja pamoja, basi Bibi kazaliwa 1931 au baada ya hapo. Watu wakaguna. Mjomba akatazama paa.

Bibi alikua amekaa kwenye mkeka anachambua maharage, kimya muda wote. Akasema, bila kuinua kichwa: "Hilo sio lenyewe."

Tukageuka wote. Akaendelea. Hilo la sanduku lilikuja mimi nimeshaanza kuchunga mbuzi. Lile la kwanza lilikua na mdomo mkubwa, umefunguka kama ua la boga, sisi watoto tunaingiza kichwa humo tunapigwa. Kaka yangu mkubwa alikuja kuliuza Lupa kwa deni. Na hilo la pili ndo baba alikua anatumia miba ya mgunga wakati wa vita ya Hitla sindano zilipoadimika.

Basi 1931 yangu ikafa pale pale, na ilistahili, kwa sababu nilifanya kosa wanalofanya wote wanaoanza kazi hii, kuchukua kifaa kilichobaki nikakifanya ndo kifaa kilichokuwepo. Gramafoni la mdomo wa ua la boga linaweza kua la mwaka wowote, yalitengenezwa tangu mwanzo wa karne na yaliuzwa mkono wa pili miaka mingi. Haliniambii kitu. Nikarudi kwenye 1928 yangu nikanyamaza.

Na hata hiyo 1928 mjomba akaibomoa vizuri tu, nampa haki yake. Akasema fundi, nani kakwambia santuri ya siku ile ni hii? Kama gramafoni lilibadilishwa, santuri nazo si zilibadilishwa? Labda ya kwanza ilikua ya Wazungu au Wahindi, ikavunjika, hii ikaja baadaye, na watu wakahamisha hadithi. Swali zuri mno. Nilikua sina jibu. Namba ya matriksi haijui kitu kuhusu nani alizaliwa wiki gani.

Nikafanya kilichokua kimebaki, nikafungua laptop nikawasikilizisha. Nikasema huyu mnayemsikia ni Siti binti Saad wa Unguja, aliimba hivi huko Bombay.

Dada akaniuliza: umesema anaitwa nani?

Siti.

Pale ndani pakawa kimya cha ajabu, nikadhani nimekosea tena. Kumbe Bibi jina lake la ubatizo ni lingine kabisa, ndo liko kwenye kitambulisho na ndo lililochapwa kwenye vitenge, lakini pale nyumbani, toka mtoto, wazee wote waliomzidi walikua wanamwita Siti. Wajukuu walidhani ni neno la Kisafwa la zamani. Mwingine alidhani limetokana na kiti, eti alipenda kukaa. Familia ni ya Kikristo toka kizazi hicho, hakuna Siti mwingine yeyote kwenye ukoo, wala kwa majirani, wala mpaka Makongolosi. Bibi mwenyewe akaacha maharage. Akasema baba yake alikua akirudi amechangamka anamwita "Siti wangu, niimbie", na yeye hakua anajua kuimba, alikua anaona aibu.

Mjomba ndo alikua wa kwanza kusema. "Kumbe ndo huyo."

Kwa mchambuzi jina lile lina uzito kuliko gramafoni na kuliko santuri. Sanduku linauzwa, sahani inavunjika, lakini jina la utoto analopewa mtu na baba yake halibadilishwi kwa mkono wa pili. Linaunganisha mtoto huyu na sauti hii, sio na gramafoni tu kwa ujumla. Bado halifungi mlango wote, naweza kufikiri mtoto alizaliwa 1925, akaitwa Siti akiwa na miaka minne santuri ilipofika. Inawezekana. Ila wale ndugu wanasema walisimuliwa aliitwa hivyo toka kitandani, na hadithi ya ukoo, jina la nyumbani na pembetatu vyote vitatu vinasogea upande mmoja, wakati 1925 inashikiliwa na nani? Nikauliza ilitoka wapi. Ikabainika kua wakati wa kuandikisha mjukuu mmoja alikadiria tu, akachukua namba inayogawanyika vizuri.

Upande wa juu sasa, yaani isizidi mwaka gani. Hapo sina santuri ya kunisaidia, nina mambo mawili ya kijijini. La kwanza nzige: Bibi alisimuliwa na mama yake kua alinyonya mwaka ambao nzige walikula mpaka majani ya kuezekea. Nzige wekundu walianza kufurika mwanzoni mwa miaka ya 1930, na bonde la Rukwa, ambalo ni jirani kabisa na Chunya, ni mojawapo ya maeneo wanayozaliana. Tatizo waliendelea kusumbua mpaka kwenye miaka ya 1940, kwaiyo "mwaka wa nzige" ni miaka mingi. La pili dhahabu. Lupa ilianza kuchimbwa miaka ya 1920, Mbeya mji wenyewe ulianzishwa 1927 kwa ajili hiyo, lakini hela ya kweli ilikuja baada ya Uingereza kuacha kufunga paundi kwenye dhahabu Septemba 1931, bei ikapanda, watu wakamiminika kuchekecha mchanga mitoni. Mchimbaji mdogo wa 1926 kununua gramafoni na santuri ni hadithi. Mchimbaji wa 1932 au 1933 inaingia akilini, duka la Mhindi liko palepale machimboni, mzigo umeshuka Itigi kwa treni ya reli ya kati ukaletwa kwa lori. Mimi nikaandika kwenye daftari langu: kati ya 1929 na 1934, na mkono ukinilazimisha, 1932. Yaani Bibi ana tisini na tatu hivi.

Kitabu cha ubatizo kingemaliza ubishi kwa dakika moja, tulikiulizia, miaka hiyo kurasa zake hazipo. Nilitegemea.

Kamati ikakaa usiku uleule, mimi nimelala chumba cha pili nasikia kila kitu. Wapo waliosema vitenge vichapwe upya, mwingine akasema hela ya nani, mwingine akasema shughuli isogezwe miaka saba mbele, hapo wakacheka wote maana Bibi ndo alikua anawasikia pia. Mwishowe yeye ndo aliyeamua, kwa sauti toka chumbani kwake: andikeni mtakavyo, ila ng'ombe wawili mliosema asirudi hata mmoja zizini. Basi ikabaki mia kwenye vitenge, na kwenye tangazo la kanisani wakasoma "ibada ya shukrani kwa maisha marefu ya mama yetu", bila namba. Mchungaji nilimwona anatabasamu.

Siku ya shughuli santuri yenyewe hatukuipiga, niligoma. Imekaa wima kwenye boksi la mbao lililotandikwa kitenge, kwenye bahasha ya karatasi safi, mbali na jiko na mbali na mende, na usiilaze ukarundika vitu juu, shelaki inapinda kwa joto na inavunjika kwa uzito. Tulipiga ile nakala niliyosafisha, spika mbili kubwa, Siti wa Fumba analia chini ya mwembe wa Chunya na wazee wanapiga makofi nje ya mdundo. Dakika tatu ikakata, kama 78 zote za inchi kumi zinavyokata, katikati ya maneno.

Dada alikua amemwekea pia kwenye simu. Jioni watu wakipungua Bibi akamwita aipige tena, akasikiliza amefumba macho, ilipokata akanyoosha mkono akasema, "Geuza." Mjukuu akamtazama, akamwambia Bibi hii ni simu. "Najua ni simu. Geuza upande wa pili."

Upande wa pili ndo wenye ufa. Nimeshaunakili nusu, kila mzunguko sindano inaruka tik, na kila tik naikata kwa mkono kwenye kompyuta, ziko 78 kwa dakika, hesabu mwenyewe. Nimemuahidi kabla ya Pasaka.